Tindo ishirini, unene mmoja: nilivyopata kipimo kwa nyundo ya mkono

Tindo zangu nazifua kutoka springi za koili za magari, zile za waya wa unene wa milimita 16. Mwanzoni ulimi (sehemu bapa yenye makali) mmoja ulitoka na unene wa milimita 3, mwingine 6, na zote zikaishia kwenye grinda. Grinda inakula mawe na umeme, na mbaya zaidi inakata nyuzi za chuma ambazo nyundo imeshazilaza zifuate umbo la ulimi.

Kilichonitoa hapo ni vikomo, yaani vyuma vinavyozuia nyundo isipitilize unene ninaoutaka. Nimechomelea vipande viwili vya chuma vya unene wa milimita 5.2 kwenye bamba nene linalokaa juu ya fuawe, nafasi kati yao milimita 30. Ulimi wa moto unalala katikati, juu yake naweka bapa (chuma cha uso tambarare) lenye mpini, na msaidizi anapiga kwa nyundo ya kilo 4. Bapa likigusa vikomo mlio unabadilika, unakuwa mkali kama kengele. Hapo tunaacha. Ile 0.2 ya ziada inaliwa na magamba (ngozi ya chuma iliyoungua na kubanduka) na kusinyaa, hivyo chuma kikipoa vernia, kifaa changu cha kupimia unene, inasoma 5.

Kipimo kinaanzia kwenye kukata. Springi iliyonyooshwa haiwi sawa kila mahali, kwa hiyo napima kwa mizani: gramu 285 kwa kila kipande, urefu kama milimita 180. Milimita 45 za nondo hiyo ya springi zinanipa ulimi wa karibu 65, upana 25. Alama ya 45 naipiga kwa senta panchi (chuma chenye ncha cha kutia alama), maana chaki inaungua.

Kasoro iliyonisumbua kuliko zote ni mdomo wa samaki: ncha inaingia ndani katikati na kingo zinatangulia. Sababu yake ni chuma kuiva nje huku moyo ukiwa bado mgumu, kisha kupigwa vipigo vyepesi vinavyosukuma ngozi tu. Ukiendelea kufua, kingo zinafungana na kuacha mkunjo usioungana, na tindo itapasuka pale pale penye mkunjo. Sasa rangi ya chungwa ikishaingia, naiacha nondo motoni dakika mbili zaidi huku feni ya tanuri ikipuliza polepole, nachonga ncha kidogo iwe ya mviringo, halafu vipigo vya kwanza vinakuwa vizito. Nyekundu ikififia narudisha motoni, kwani chuma hiki kikipigwa kimepoa hupata nyufa. Kikitoa cheche kimeungua. Sehemu hiyo ni ya kukatwa, haitengenezeki.

Baada ya kufua, napasha tindo mara tatu hadi sumaku isishike, kila mara nikiiacha ipoe hewani pasipo upepo. Kisha ni kukaza, yaani kuufanya ulimi uwe mgumu: milimita 30 za mwisho tu, moto uzidi kidogo pale sumaku inapoachia, na kuzimisha kwenye mafuta yaliyopashwa nyuzi 50 hadi 60. Maji yanapasua springi, msijaribu.

Nasugua ulimi kwa msasa hadi ung'ae, napasha kutoka upande wa shina na kutazama rangi zikitembea: njano, kahawia, zambarau. Zambarau ikianza kugeuka buluu kwenye makali, nazamisha tena. Kichwa sikikazi kabisa. Kikiwa kigumu kinarusha vipande usoni kwa mpigaji. Kikiwa laini kinachanua tu, na mchanuo huo unaondolewa kwa tupa.