Mistari ya chaki ukutani

Mgeni akiingia kwangu mara ya kwanza, macho yake huishia kwenye ukuta ulio kando ya mlango wa chumba cha kulala. Pana mistari 11 ya chaki ya fundi, imeachana inchi moja moja. Wa juu kabisa hunifika machoni nikisimama, wa chini hunifika kifuani. Wengi hudhani ni kimo cha watoto. Wanangu ni watu wazima. Kimo kile ni changu mimi, mgongo ukiwa ukutani na magoti yamekunjika, na kila mstari ulioshuka umenigharimu wiki nzima, mingine wiki mbili.

Nina miaka 47. Nimezaliwa Kisauni, Mombasa, lakini zaidi ya nusu ya umri wangu nimeumaliza Nairobi. Nashona nguo Mutindwa, hapa Umoja, kwa cherehani ya miguu, na nalala ghorofa ya tano katika jengo lisilo na lifti. Vidato 84. Maji ya mgao hutujia Jumatatu na Alhamisi na hayapandi kupita ghorofa ya pili, kwa hiyo siku hizo ngazi zetu hujaa akina mama, vijana na watoto wa shule wakipishana na mitungi. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 za maji. Mimi huhitaji minne.

Kupanda na mtungi uliojaa sikushindwa. Kilichonishinda ni kushuka na mtungi mtupu. Jioni moja, kati ya ghorofa ya nne na ya tatu, goti la kushoto liliachia ghafla nikaketi pwaa kwenye saruji. Mtungi ukaniponyoka, nikausikia ukigonga kidato baada ya kidato mpaka chini, nami nimebaki pale nimeshika chuma cha ngazi, kuinuka siwezi, kuteremka siwezi.

Ninayo leso niliyoachiwa na marehemu bibi, jina lake "Mpanda ngazi hushuka". Miaka yote niliisoma kama onyo kwa wenye kiburi. Siku ile ilinijia kwa maana nyingine kabisa. Unapopanda, paja linasukuma. Unapokwenda chini, paja hilo hilo linashika breki: mguu mmoja unakunjika polepole huku umebeba mwili wote, na pia ya goti inabanwa zaidi kadiri goti linavyozidi kukunjika. Ndiyo maana mtu mwenye goti bovu huogopa kushuka kuliko kupanda.

Hospitali niliyokwenda kwanza walinipa vidonge vya maumivu na neno moja, pumzika. Nilipumzika wiki 3. Nikalipa kijana wa kunipandishia maji, nikapunguza kazi, nikaanza kusali kwenye kiti kwa sababu kuinuka kutoka sijida kulikuwa mateso. Wiki ya tatu nikachukua tepu yangu ya kazi nikapima mapaja. La kulia inchi 21 na nusu, la kushoto 20 na robo tatu. Napima watu kila siku ya Mungu, najua pa kushika tepu. Mguu niliokuwa nikiupumzisha ulikuwa unakonda, na msuli uliokuwa ukiyeyuka ndio ule unaoiongoza pia ya goti ipite njia yake.

Dada wa tibamaungo, yaani fiziotherapia, niliyempata baadaye katika zahanati ndogo, alinilaza kitandani, akakunja taulo akaliweka chini ya goti na kuniambia nilikandamize kwa nyuma ya goti. "Shika. Usiachie. Hesabu kumi." Goti halikusogea hata unywele, lakini paja lilisimama gumu kama gogo, na kwa mara ya kwanza tangu nianguke lilifanya kazi bila kuniuma. Nililia mbele ya yule dada, na sioni haya kuliandika.

Hayo ndiyo mazoezi ya kutulia, ninayotaka kuyasema leo. Misuli inakazana lakini kiungo hakiendi popote: ama unasukuma kisichosukumika, ama unashika mkao mmoja na kukataa kuporomoka. Huhitaji jimu. Unahitaji ukuta, kidato, kitambaa na subira.

Baada ya taulo akanipeleka ukutani. Mgongo unagusa ukuta, nyayo hatua moja mbele, unateleza chini kama anayetaka kuketi kwenye kiti kisichokuwapo, unatulia. Siku ya kwanza nilidumu sekunde 18. Mwezi wa pili nilifika dakika 2 nikajiona nimepona. Lakini ngazini bado nilishuka kwa upande kama kaa, mkono haubanduki kwenye chuma.

Kijana mmoja wa ghorofa ya tatu, anayecheza ndondi huko Kariobangi, alinikuta hivyo akasimama. "Mathe, si uliniambia unakaa ukutani dakika mbili?"

Nikamwambia ndiyo.

"Nionyeshe."

Nilimwonyesha pale pale koridoni. Akachuchumaa, akaangalia goti langu kwa makini, kisha akaweka kiganja nyuma yake. "Hapa juu uko fiti. Lakini ngazi inakupeleka huku chini, na huku hujawahi kufika. Halafu hapa una miguu miwili, mathe. Ngazini ni mmoja."

Maneno yale yalinifungua macho. Nilikuwa nakaa juu juu, nusu kiti, kwa sababu chini zaidi kulikuwa kunauma. Na nguvu inayopatikana kwa kutulia haitapakai ovyo mwilini. Hukaa karibu na pembe ile uliyoifunza, ikazidi kwa nyuzi 15 au 20 hivi kila upande. Ukishikilia mahali ambapo msuli umevutika, yaani kiungo kikiwa kimekunjika sana, faida husambaa zaidi. Ukishikilia juu juu, nguvu hubaki huko huko juu. Mimi nilikuwa nimelifunza goti langu kwa mahali ambapo halikuwa na shida.

Usiku ule nilitoa chaki bapa ya kukatia nguo. Nikateleza hadi pale nilipozoea, nikalaza kiganja utosini, nikachora mstari. Chini yake, kwa tepu, inchi moja kamili, wa pili. Kazi ya wiki ikawa kuketi utosi ukiwa sawa na mstari huo, sekunde 30 mara 4, siku moja nafanya na inayofuata napumzika, mpaka nifikie sekunde 45 bila kuporomoka. Ndipo nishuke. Dada wa tibamaungo alikuwa amenipa kanuni ya maumivu: yakiwa madogo na kesho asubuhi hayapo, endelea; goti likiamka limevimba, rudi mstari mmoja juu. Mstari wa saba nilirudishwa mara mbili. Ukiutazama utauona ni mnene kuliko wenzake.

Kwenye ngazi penyewe nilianza na kidato cha mwisho cha chini, ili nikianguka nisianguke mbali. Kanyaga kwa mguu mbovu. Mguu mzima utangulize hewani, kisha ushushe mwili taratibu mpaka kisigino kibakishe unene wa kidole kugusa sakafu. Hapo hapo simama. Usiguse. Goti litazame kwenye vidole vya mguu, lisiporomokee ndani. Mwanzoni hakuna kitu, unaweza hata kuzungumza. Sekunde ya 10 joto linapanda kutoka juu ya goti. Sekunde ya 20 paja linaanza kutetemeka upesi upesi kama sindano ya cherehani kwenye kitambaa kizito. Mimi nililipenda tetemeko lile, kwa sababu lilikuwa mahali pale pale goti liliponiangusha, na safari hii nilikuwa nimesimama.

Si mambo mapya haya. Mwaka 1953 huko Dortmund, Ujerumani, watafiti Hettinger na Müller waliandika kwamba kukaza msuli mara moja tu kwa siku, sekunde 6, kwa theluthi mbili ya nguvu zako, huongeza nguvu kwa asilimia 5 kila wiki. Waliojaribu baada yao hawakupata ongezeko kubwa namna ile, lakini msingi ulithibitika. Na kabla yao alikuwepo Alexander Zass, mzaliwa wa Vilnius mwaka 1888, aliyetekwa na majeshi ya Austria katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kifungoni hakuwa na vyuma vya kunyanyua, akawa anavutana na minyororo na nondo. Baadaye Uingereza alijulikana kwa jina la Samsoni. Yeye aliamini nguvu iko kwenye kano kuliko kwenye unene wa msuli.

Mimi mnyororo sina, nina leso. Naikunja mara nne kwa urefu, naikanyaga katikati, nashika ncha mbili na kuvuta kama ninayejaribu kujinyanyua mwenyewe. Viwiko vikiwa karibu kunyooka, sekunde 10. Vikiwa vimekunjika nusu, 10. Vikiwa karibu na mabega, 10. Iwe leso ya pamba na isiwe ya bibi. Ya polista huteleza mikononi.

Sasa, pumzi. Hapa naomba unisikilize vizuri, hasa kama una presha. Marehemu baba alikuwa hamali bandarini Mombasa, na kitu alichokuwa akiwakaripia vijana wapya si mgongo, ni kuziba pumzi chini ya gunia. Ukiziba pumzi huku umekazana, presha hupanda ghafla, na katika mazoezi ya kutulia mtu huziba bila kujua. Dawa yangu ni kuhesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kuziba. Jirani wa ukutani amenizoea.

Mama yangu ana presha kwa miaka mingi, ndiyo sababu nilifurahi kusoma uchambuzi uliotoka mwaka 2023 katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo. Walikusanya majaribio 270 yenye watu zaidi ya 15,000, wakalinganisha aina za mazoezi. Ya kutulia ndiyo yaliyoshusha presha zaidi, kwa wastani wa kama 8 kwenye namba ya juu na 4 kwenye ya chini, na kukaa ukutani kukatajwa kipekee. Mpango unaotumika sana ni dakika 2 mara 4, na mapumziko katikati, siku 3 kwa wiki. Mama nilimwambia amwonyeshe daktari wake kwanza, na vidonge asiguse. Daktari akamruhusu. Anaanza na nusu kiti, na kiti cha kweli kipo chini yake.

Mikono niliifanyia ngazi vilevile. Pushapu za sakafuni sikuziweza hata moja, kwa hiyo niliweka viganja kidato cha tano na miguu koridoni. Nikiweza 12 safi, nashuka kidato kimoja. Sasa niko cha pili.

Wiki iliyopita nilipima tena: kulia 21 na nusu, kushoto 21 na robo. Nashuka bila kushika chuma. Nimerudi kwenye mkeka kusali, ingawa kwenye rakaa za mwisho za tarawehe mwaka huu niliketi, na sikulazimisha. Mguu wa kushoto, kidatoni, bado unatetemeka kuanzia sekunde ya 24.

Keateka anasema jengo litapakwa rangi mwezi ujao. Nimemwomba ukuta ule auache. Asipoweza, vipimo vyote vimo kwenye daftari la wateja, ukurasa wenye jina langu.