Siku moja maishani mwangu: kijiti cha alumina na waya mnene

Saa mbili asubuhi gari lilifika maabara yetu ya Kampala na nitrojeni ya kimiminika kutoka Entebbe, ambako hutumika zaidi kuhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe. Dereva alikuwa ameacha madirisha wazi, kwa sababu gesi hiyo ikijaa ndani hufukuza hewa ya kupumua.

Saa tatu nilianza kuimimina, ili kupima jinsi kijiti cha kauri kinavyopitisha joto kikiwa baridi. Huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, hivyo kitako cha shaba huipokea kwa ukungu mweupe na mchemko wa taratibu; shaba ikikaribia kupoa, mchemko hupanda ghafla, chombo hunguruma, kisha kimya. Kimya hicho ndicho ninachokisubiri.

Juu ya shaba, ndani ya ombwe (nafasi iliyoondolewa hewa), kimebanwa kijiti cha alumina, kauri ya alumini na oksijeni, chenye upana wa milimita 5 kila upande, na vipimajoto viwili vilivyoachana kwa sentimita 4. Jana, katika joto la chumba, nusu wati ya joto kutoka kwenye hita iliyo ncha ya juu ilileta tofauti ya nyuzi 27 kati yavyo. Leo nilitarajia tofauti ndogo zaidi, yaani kijiti kipitishe joto vizuri zaidi. Katika kauri ya namna hii joto husafirishwa na mitetemo ya fuwele, yaani fononi, ambazo kwenye joto huwa nyingi na hugongana zenyewe kwa zenyewe, lakini kwenye baridi hupungua, na kila moja husafiri mbali mpaka izuiwe na mipaka ya chembe za fuwele zinazounda kauri. Karibu na sifuri kamili fononi huwa chache mno, na upitishaji hushuka tena. Kioo, ambacho hakina mpangilio wa fuwele, huzidi kuwa kipitishi kibaya kadiri kinavyopoa.

Saa tano, hita ikiwa bado imezimwa, kipimajoto cha juu kilisoma nyuzi 2 zaidi ya cha chini.

“Mwalimu, labda hakijatulia,” alisema mwanafunzi wangu.

Tulisubiri saa nzima. Nyuzi 2 zilikuwa palepale. Ndipo nilipokumbuka kwamba Ijumaa, nyaya nyembamba za manganini, aloi isiyopitisha joto vizuri, zilipoisha, niliunga kwenye kijiti waya mnene wa shaba kwa mkono wangu mwenyewe. Jana haukudhuru sana, kwa kuwa ncha zake zote mbili zilikuwa na joto linalokaribiana; leo ulikuwa unashusha joto la chumba moja kwa moja kwenye kijiti.

Ombwe halifunguliwi chombo kikiwa bado baridi, maana unyevu wa hewa ya Kampala ungeganda juu ya kila kitu. Hadi saa kumi tulipasha joto. Waya ulibadilishwa kwa dakika ishirini.

Saa mbili usiku, hita ikiwa imezimwa, vipimajoto vilikubaliana. Niliwasha nusu wati, nikasubiri, nikaandika nyuzi 5.4. Mwanafunzi alipiga hesabu pembeni mwa daftari: upitishaji wa karibu wati 150 kwa mita kwa digrii, mara tano ya jana.