Nilivyoondoa utitiri kwenye maua ya ndani, Dodoma

Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni nadra sana Dodoma, upepo hupeperusha vumbi mchana kutwa, na maua yanayokaa ndani hujikuta katika hewa kavu ambayo utitiri, viumbe wadogo sana wanaofyonza majani, huistawia. Nilikuwa na alokasia mbili, krotoni kadhaa na mtende wa mapambo, vyote vikiwa karibu na dirisha la sebuleni. Alokasia ndizo zilizoanza kubadilika: juu ya majani palitokea vidoa vingi vya njano iliyofifia, vidogo kama alama za ncha ya sindano, kisha jani zima likapoteza ukijani na kuelekea rangi ya shaba iliyochujuka.

Jirani yangu, ambaye kwa maua namheshimu sana, alisema mmea una njaa ya mbolea. Sikukubaliana naye, kwa sababu upungufu wa nitrojeni huanzia kwenye majani ya zamani ya chini na hufifisha jani kwa usawa, ilhali vidoa vyangu vilitawanyika bila mpangilio na vilizidi karibu na mshipa mkuu. Niliweka karatasi nyeupe chini ya jani, nikaligonga kwa kidole mara kadhaa, na baada ya muda mfupi baadhi ya chembe zilizoanguka zikaanza kutembea. Vumbi halitembei. Nilipopekua upande wa chini wa jani kwa kioo cha kukuzia, niliona wadudu wa rangi ya njano inayoelekea kijani, wenye doa jeusi kila ubavu, pamoja na mayai ya mviringo yanayong'aa na magamba meupe waliyojivua walipokuwa wakikua. Utando mwembamba kwenye kikonyo ulikuja kuonekana baadaye, na kwa maoni yangu anayeusubiri utando ili aamini kwamba ana utitiri anakuwa amechelewa, kwani hapo tayari wamekuwa wengi mno.

Nilihakikisha pia kwamba si vithiripi, ambao nao hufifisha majani. Hao wana umbo refu, huacha mabaka yenye mng'ao wa fedha, na kinyesi chao huonekana kama nukta nyeusi zinazometa juu ya jani. Tofauti hii ina uzito wake: vithiripi ni wadudu wa miguu sita, ilhali utitiri aliyekomaa ana miguu minane na ni wa jamii moja na buibui na kupe, hivyo sumu nyingi zinazoua wadudu wa kawaida hazimfanyi kitu.

Katika duka la pembejeo nilipewa kwanza kiuatilifu cha kundi la pairethroidi, kile ambacho wengi hununua kwa ajili ya inzi weupe. Nilikirudisha. Sumu za aina hiyo huwaua maadui wa asili wa utitiri kuliko zinavyowaua utitiri wenyewe, na mara nyingi baada ya kupuliziwa huongezeka zaidi ya awali. Abamektini inawaweza, lakini ni dawa ya shambani, na sikuona sababu ya kuipulizia sebuleni ambako watoto hucheza, hasa kwa mimea michache inayoweza kubebwa hadi bafuni.

Na bafuni ndiko kazi ilikofanyika. Niliitenga mimea yote iliyokuwa na dalili, nikakata majani yaliyoharibika kabisa na kuyafunga ndani ya mfuko kabla ya kuyatupa, kisha nikafunika udongo wa kila chungu kwa plastiki na kuyaosha majani kwa maji yenye nguvu, nikianza na upande wa chini. Maji pekee huondoa sehemu kubwa ya utitiri. Baada ya hapo nilipulizia maji yenye sabuni laini ya maji isiyo na jiki, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, nikiwa nimeijaribu kwanza kwenye jani moja na kusubiri hadi kesho yake. Nilipulizia jioni, kwa sababu sabuni na jua kali kwa pamoja huunguza majani, na baadaye nikayasuuza.

Sabuni huua utitiri aliyeloweshwa nayo tu. Ikishakauka haina kazi tena, na mayai mengi huyaacha yakiwa mazima. Katika joto la nyuzi 30 hivi, yai linaweza kuanguliwa ndani ya siku 3, na kutoka yai hadi utitiri anayetaga huenda ikapita wiki moja tu au zaidi kidogo. Kwa hiyo nilirudia kila baada ya siku 5, ili walioanguliwa wakutwe kabla hawajaanza kutaga, hata pale mimea ilipoonekana imepona. Katika baadhi ya zamu nilitumia mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Yanafaa, ila harufu yake hukaa ndani ya nyumba kuliko mgeni asiyealikwa.

Krotoni zilipona upesi, kwa kuwa majani yake ni magumu na hufutika vizuri kwa kitambaa. Mtende ulinichosha, maana kila jani dogo jembamba lilihitaji kupitishwa kati ya vidole viwili. Alokasia moja niliikata hadi kwenye tunguu, nayo ikachipua upya. Majani yaliyokwisha kufyonzwa hayarudishi ukijani, kwa hiyo maendeleo niliyapima kwa majani mapya na kwa karatasi nyeupe, na niliacha kupulizia pale tu karatasi ilipotoka safi kwa ukaguzi uliofuatana. Siku hizi mmea wowote mpya hukaa chumba cha nyuma wiki tatu kabla ya kuletwa sebuleni, na wakati wa kiangazi nafuta vumbi kwenye majani kila ninapomwagilia, kwa sababu utitiri hustawi zaidi kwenye majani yenye vumbi. Kunyunyizia ukungu wa maji hewani nimekuacha. Hewa ya Dodoma huukausha kabla sijarudisha chupa mahali pake.