Siku Moja Uiaku, Kwa Wagonga Magome

Saa 12 asubuhi. Uiaku, Ghuba ya Collingwood, Papua New Guinea. Mama mwenyeji wangu, wa kabila la Wamaisin, ameshatoka shambani na fito za wuwusi begani, mti ambao gome lake hugongwa kuwa kitambaa. Mimi nimekuja kufanya utafiti, ila hapa mtafiti asiyeshika kisu hasemeshwi.

Saa 1. Tunakwangua gome la nje, tunachuna la ndani. Kwetu Bukoba mti wa lubugo, kitambaa chetu cha magome, ulichunwa ukiwa umesimama, ukavikwa majani ya mgomba, gome likaota tena. Wuwusi hukatwa mzima.

Saa 2 mpaka saa 5 ni kugonga tu. Gome linalazwa juu ya gogo, linapigwa kwa nyundo ya mti, linakunjwa, linapigwa tena, hadi utepe mwembamba unakuwa kitambaa. Mkono wangu ulisalimu amri mapema. Nilipomwambia mama kwamba kwa Wahaya aliyegonga lubugo ni mwanamume, alicheka hadi akaweka nyundo chini, akamwita jirani aje asikie mwenyewe.

Saa 6, taro na samaki. Gome jipya liko juani.

Saa 8 ndiyo saa yangu. Juu ya kitambaa kilichokauka, mama anavuta mistari myeusi kwa kijiti, bila rula wala kielelezo. Nafasi kati ya mistari hujazwa dun, rangi nyekundu ya magome na majani yaliyochemshwa. Zamani wanaume hawakuruhusiwa kuisogelea.

Mchoro wa leo ni wa ukoo wa mumewe. Hakuzaliwa nao, alijifunza alipoolewa. Siku ya ngoma mume atajifunga kitambaa hiki kiunoni, na watu watamjua ni wa ukoo gani kwa kazi ya mkono uliotoka ukoo mwingine. Vitabuni nilisoma kwamba ukoo hapa hufuata baba. Sawa, lakini huo ubaba mbona wanaouchora ni wanawake?

Bibi anayetusimamia ana tatuu uso mzima, mistari ya kupinda iliyochomwa kwa mwiba alipovunja ungo. Wajukuu zake hawana, wao wana kitambaa tu.

Saa 11 tunakunja vitambaa vya kuuza. Hivi havina michoro ya ukoo, hiyo haiuzwi ovyo. Miaka ya 1990 Wamaisin waliwakatalia wakata magogo waliotaka msitu wao, na pesa ya vitambaa ikawa na kazi zaidi: ada, sabuni, mafuta ya boti.

Jioni naandika haya. Kesho nimepangiwa zamu ya kuni za kuchemshia dun.