Nilivyoacha kuhesabu kurasa kwenye wiki ya atelie yetu

Nianze na ushauri mbaya, kwa sababu ndio ulioniletea hasara. Mtaalamu mmoja aliyekuja kutufunza usimamizi alisema mbele ya wafanyakazi wote: "Anayeandika kurasa nyingi, mpe zawadi. Namba haina upendeleo." Nikamwamini. Nikatangaza dola hamsini kwa mshindi wa mwezi kwenye wiki yetu, yaani daftari la kompyuta ambalo kila mmoja wetu anaweza kuandika na kusahihisha.

Katika atelie yetu, yaani karakana, tunabobina moteri hapa Lubumbashi, maana yake tunazifunga upya waya wa shaba zikiungua: za pampu, za kompresa, za mashini za kusaga mahindi. Tuko watu kumi na wanne. Moteri ikiungua, kabla hujakata waya wake unaandika kila kitu: ankoshi ngapi, yaani vile vijifereji ambamo waya unalala katika stata, sehemu ya moteri isiyozunguka, spira ngapi, yaani waya umezungushwa mara ngapi, katika kila bobini, unene wa waya, imefungwa nyota au pembetatu. Ukishang'oa waya bila kuandika, umepoteza. Miaka yote hayo yalikaa katika madaftari yaliyolowa mafuta, na mengi zaidi yalikaa katika kichwa cha mzee wetu, bobineri ambaye nusu yetu tulijifunza kazi miguuni pake.

Mvua ilipoharibu madaftari mawili, nikanunua kompyuta ya mtumba kwa dola mia na kitu, nikaweka MediaWiki, programu ya bure ileile inayobeba Wikipedia. Haihitaji intaneti. Ruta ndogo inatosha, kila mmoja anasoma kwa simu yake akiwa ndani ya atelie, na batri ya gari inaishikilia umeme ukikatika. Hiyo ilikuwa kazi ya siku mbili. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafanya watu waandike, na hapo ndipo zile dola hamsini zilipoingia.

Juma la kwanza nilifurahi sana. Kurasa zilimiminika. La pili nikaanza kuzisoma. Kijana mmoja alikuwa ameandika rulma, yaani beringi, kila namba na ukurasa wake: 6204 ukurasa, 6205 ukurasa, 6206 ukurasa, mpaka zikafika ishirini na moja, kila moja na mstari mmoja. Jedwali moja lingemaliza yote: 6204 tundu lake milimita 20, 6205 milimita 25, 6206 milimita 30, na kuendelea. Wengine wawili walikuwa wanapokezana: huyu anaongeza nukta, yule anaiondoa, na kila mguso ulihesabiwa. Mzee hakuandika hata neno. Nilikuwa nimebandika orodha ya majina ukutani, na jina lake lilikuwa la mwisho, na sifuri pembeni. Nilimwona akiisoma. Akaja mezani kwangu akasema kwa upole, "Mwana, mimi sina kurasa. Niko na moteri." Sikulala vizuri usiku ule.

Mshindi alichukua dola zake. Siku chache baadaye akaja mama mmoja wa Katuba, komuni ya hapa mjini, mwenye mashini ya kusaga mahindi. Moteri yake ya nguvu za farasi kumi tulikuwa tumeibobina juma lililotangulia. "Baba, imekufa tena. Imetoa moshi mbele ya watu, na unga wao uko ndani." Tukaifungua: waya mweusi wote, verni inayoukinga imekuwa mkaa. Stajeri, kijana anayejifunza kazi, aliyeibobina alikuwa amefuata ukurasa wa wiki neno kwa neno. Spira zilikuwa kama zilivyoandikwa, waya ulikuwa uleule. Sasa imeungua kwa nini?

Mzee akachukua mita, akapima urefu wa kiini, yaani chuma cha stata, akaniambia nisome ukurasa kwa sauti. Kisha akasema, "Hizi ni spira za moteri nyingine." Nikafungua historia ya ukurasa. Wiki haisahau: inaonyesha nani kaandika, saa ngapi, kaongeza au kaondoa baiti ngapi, baiti moja ikiwa karibu sawa na herufi moja. Mshindi wetu alikuwa amenakili ukurasa wa moteri nyingine ya farasi kumi, yenye ankoshi 36 vilevile na mizunguko 1440 kwa dakika kwenye plaki, kile kibati cha maelezo, akabadilisha jina tu. Dakika mbili, ukurasa mmoja zaidi. Lakini ile aliyoinakili kiini chake kilikuwa kirefu kuliko cha moteri ya mama. Kiini kikiwa kifupi, spira lazima ziongezeke. Ukiweka chache, sumaku inajaa kupita kiasi katika chuma, moteri inakunywa umeme mwingi hata bila mzigo, inapata joto, inaungua. Na dalili tuliiona! Pensi, kile kipimo cha umeme kinachobana waya, ilikuwa imeonyesha amperi 11 bila mzigo, kwenye moteri ambayo plaki yake inasema 15 ikiwa na mzigo kamili. Ilipaswa kuwa sita hivi. Tukajiambia labda volti za mtaa zimepanda siku hiyo. Tulimbobinia mama yule upya bila malipo, kilo kadhaa za waya wa shaba zikapotea, na mimi mwenyewe nilikwenda Katuba kumwomba msamaha.

Nikaiondoa orodha ukutani. Zawadi nikaisimamisha. Nikaanza kuisoma historia ya wiki kama mtu anayetafuta deni.

Kitu cha kwanza kilichonishika ni mama wa depo, anayetunza stoo yetu ya vipuri. Ukitazama michango yake, karibu kila mahali ni namba nyekundu yenye alama ya kutoa. Yeye ndiye aliyezikusanya zile kurasa 21 za rulma akatengeneza jedwali moja, zile za zamani akazigeuza vielekezi vinavyokupeleka kwenye jedwali. Kwa hesabu niliyofundishwa, yeye alikuwa anaibomoa wiki. Kwa macho yangu, tangu siku ile hakuna kijana aliyesimama tena mlangoni pa depo kuuliza rulma gani. Ukihesabu baiti, unamwadhibu anayefagia.

Nilijaribu pia kupima maneno yanayodumu. Luca de Alfaro na wenzake wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz walitengeneza WikiTrust kwa wazo hilo: mwandishi anapata heshima kadiri maneno yake yanavyobaki baada ya wengine kuhariri. Wazo ni zuri kwa Wikipedia, yenye macho mengi. Kwetu watu kumi na wanne halikusimama. Ule ukurasa ulioichoma moteri ulidumu bila kuguswa, kwa sababu hakuna aliyeusoma mpaka stajeri alipouhitaji.

Jibu lilikuwa mfukoni mwangu kila siku: fishi ya kazi, ile karatasi ya kila moteri. Kila moteri inayoingia ina fishi yake inayoifuata mpaka inatoka. Nikaongeza mistari miwili chini: *Ukurasa gani umekusaidia? Umekusaidia nini?* Anaijaza aliyetengeneza, kabla moteri haijapanda meza ya majaribio, na haruhusiwi kutaja ukurasa wake mwenyewe. Namaanisha kabla, kwa sababu moteri ikishazunguka kila mtu anakumbuka kwamba alijua mwenyewe.

Juu ya kila ukurasa wa moteri nikaweka mistari mitatu: *Amesema. Ameandika. Amepima.* Hapo mzee akaingia kwenye wiki bila kugusa simu. Stajeri anakaa kando yake saa ya kula bukari, ugali wetu, mzee anasema, kijana anaandika, na mwingine wa tatu anathibitisha kwa pensi amperi za bila mzigo. Fishi ikitaja ukurasa huo, wote watatu wanahesabiwa sawa. Bila jina kwenye mstari wa *Amepima*, ukurasa unabaki na onyo jekundu na hakuna anayeruhusiwa kubobina kwa kuufuata.

Walijaribu kunidanganya, ndiyo. Marafiki wawili walitajana kila fishi. Lakini fishi imefungwa kwenye moteri ya kweli: wa kwanza aliandika kwamba ukurasa wa pampu ya kisima ulimsaidia kwenye kompresa ya garaji. Nilimwita, nikamwomba anionyeshe ulimsaidia wapi. Hakuweza, na hilo halikurudi. Ukitumia njia hii usikae ofisini na fishi peke yako. Zisome pamoja na mtu wa depo, yeye anajua nani alichukua waya gani.

Mwisho wa mwezi tunazihesabu, mama wa depo na mimi. Pesa taslimu nimeziacha, zilileta maneno mengi na mke wa mmoja alikuja kuniuliza kwa nini mumewe hakupata. Sasa ni mifuko ya unga wa mahindi, kilo 25 kila mmoja, na bei inapanda na kushuka kwa hiyo sipangi mapema ni mingapi. Anayefagia ana mfuko wake: mama wa depo anaonyesha kurasa alizounganisha, tunazifungua, tunaona kama kitu kinapatikana haraka kuliko jana. Na aliyesaidiwa ndiye anayemkabidhi mwenzake mfuko, akieleza mbele ya watu moteri ilikuwa ipi. Nilifikiri unga ndio wangeungoja. Wanangoja yale maelezo.

Yule kijana wa rulma nilimbakiza. Nilimpa kazi ya kupima viini vya stata zote zinazoingia, na urefu sasa unaandikwa mstari wa kwanza wa kila ukurasa.

Mwezi uliopita ukurasa wa moteri ya mama wa Katuba ulitajwa kwenye fishi nne. *Amesema*: mzee. *Ameandika*: stajeri yule aliyeichoma. *Amepima*: kijana wa rulma, amperi 6.2. Stajeri ndiye aliyemfungia mzee mfuko nyuma ya baiskeli, na mzee alipofika getini akageuka, akamwambia, "Kesho tuandike ile ya pampu. Nitakuja mapema."