Nilivyotoka kwenye Glidecam iliyojaa mchanga mpaka Ronin-S

Kila wiki kuna dogo anaiona Ronin yangu, kile kifaa cha betri na mota cha kushikia kamera ili video isitetemeke, ananiuliza kaka hiyo Ronin ulinunua sh ngapi, na jibu langu huwa haliwaridhishi maana sikuinunua, nilibadilishana na mtu nikaongezea hela juu, ila kabla ya hapo ilibidi nifufue mzoga kwanza, sasa ngoja nielezee yote hapa mara moja niache kujirudia.

Mzoga wenyewe ilikua Glidecam HD-2000. Kwa asiyeijua hii nayo ni ya kutuliza kamera, ila ni ile ya fimbo, haina betri haina mota, kamera inakaa juu, chini unaweka vyuma vya uzito, na katikati kuna gimbo, yani kiungo kinachogeuka pande zote, yenye beringi ndogondogo ndo unashika mpini wake. Wazo lake ni lile lile la Steadicam aliyoibuni yule Mmarekani Garrett Brown miaka ya 70, ila ile kubwa unavaa na koti lake na mkono wa springi, hii unabeba kwa mkono wako mwenyewe na kufika saa nne usiku kiwiko kinakutukana. Niliichukua kwa mshkaji wa Mbagala alikua anaacha mambo ya video anaingia kwenye bajaji, 280,000, nikaona nimeokota.

Mwezi wa kwanza tu nikaenda nayo Kigamboni, maharusi wanataka video za ufukweni kabla ya siku yenyewe. Upepo mkali, shela inaruka, kila saa naiegesha Glidecam kwenye mchanga nikamsaidie bibi harusi kukaa sawa afu naiokota naendelea. Mara tatu nne hivi. Wiki iliyofuata niko sendofu Sinza, nageuka kumfuata bibi harusi mtarajiwa anaingia, kamera inakwama kidogo afu inaruka, inakwama inaruka, na ikishakwama inabaki imelala upande. Mama wa bibi harusi akachungulia kwenye kioo cha kamera akaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, mbona ukumbi umelala?" Nikasema ni staili mama. Nilitamani sakafu inimeze.

Nyumbani nikafanya kosa ambalo najua wengi mmelifanya, nikapaka mafuta ya cherehani. Siku mbili ilikua laini kama siagi, siku ya tatu mafuta yamekamata vumbi na ule mchanga wa ndani, imekua tope. Hizi beringi hazifanyi kazi kama za tairi la bodaboda jamani, zinabeba kilo chache tu na zinatakiwa zizunguke kwa kuguswa na kidole, sasa mafuta mazito yenyewe tu ni breki tosha.

Nikaipeleka Gerezani, kule Kariakoo, kwa mzee mmoja anauza beringi za mota na mashine za kusaga. Hakua anajua ile ni kitu gani, nikamwonyesha video kwenye simu akacheka, afu akaifungua. Hapo nilijifunza zaidi ya nilivyojifunza Youtube mwaka mzima. Kila skrubu anayotoa anaibandika kwenye selotepu kwa mpangilio, mi kazi yangu kupiga picha kila hatua. Beringi zikalala kwenye petroli safi, zikatikiswa, zikahamishiwa kwenye spiriti, zikaachwa zikauke. Mi nikachukua pampu ya upepo nizikaushe haraka, ile nimepuliza tu beringi ikaanza kulia wiii, mzee akanipiga mkono, "ukiizungusha kavu hivyo unaichinja." Moja ilikua imeshakwisha, ina namba pembeni, akatafuta ya namba hiyo hiyo kwenye kopo, 6,000. Ufundi 15,000. Na wakati wa kufunga akanisisitizia skrubu zishike tu, ukikaza sana beringi inabanwa tena unarudi kule kule.

Baada ya hapo ndo nikaanza kuiheshimu balansi. Vyuma vya uzito jamaa alinipa pungufu, nikajazia washa kubwa za duka la hadwea, vile visahani vya chuma vyenye tundu vinavyokaa chini ya nati, zinafanya kazi vizuri tu. Kipimo changu: nailaza fimbo mlalo, naiachia, nahesabu mpaka isimame, inatakiwa kama sekunde mbili. Ikianguka haraka, chini ni kuzito sana, kila ukisimama itabembea kama pendulamu, ikichelewa mno chini ni kwepesi na itakua inayumba kila ukiigusa. Na mambo madogo yanaharibu, kifuniko cha lenzi, mkanda wa kamera, hata kufungua kile kioo cha pembeni kwa kamera zenye nacho baada ya kubalansi, basi umeshaharibu. Nilikua na Canon 6D na lenzi ya 17-40, nikachora alama kwa maka peni pale inapokaa, nikifika ukumbini dakika tatu nimemaliza.

Nikaitumia hivyo karibu mwaka mmoja na nusu. Shida ikabaki mkono tu, maana harusi zetu mnazijua, wageni wameambiwa saa kumi na mbili, maharusi wanaingia saa tatu.

Sasa kuna jamaa yuko Arusha, anapiga video za watalii, alikua na Ronin-S ile iliyotoka 2018, analalamika inatetemeka, inanguruma akiwa nayo porini, na kuchaji ndo balaa maana soketi ya gari inagombaniwa na kamera, droni na simu za wageni. Anataka kitu kisicho na betri. Akasema nimpe Glidecam na 350,000 juu. Bei ya kitu kibovu hiyo, ila mi nilikua na wasiwasi kwamba sio kibovu.

Alipokuja Dar kwenye kazi nikamfuata na kamera yangu mwenyewe, hili nasisitiza, usijaribu kifaa cha mtu na kamera yake. Kwanza tukaijaribu na ya kwake ikiwa imezimwa. Nikaachia mhimili wa kuinama, lenzi ikadondoka mbele puu. Yani alikua anaweka lenzi nzito na kamera haijarudishwa nyuma ya kutosha, mota inafanya kazi ya kubeba badala ya kutuliza, lazima itetemeke. Inatakiwa kila mhimili ukiuacha popote ubaki hapo hapo, kuinama kwanza, kulala upande, mwisho ule wa kuzunguka, ambao unaupima kwa kuinamisha mpini mzima na mkono wa nyuma usijizungushe.

Hapo shetani akaninong'oneza, nyamaza, lipa 350, ondoka. Nilifikiria kama dakika nzima nimeshika kikombe cha chai. Mwisho nikamwonyesha. Nikabalansi mbele yake, nikawasha, nikaiacha ijipime mota zake yenyewe, kimya. Jamaa akaitazama muda mrefu afu akasema, "kumbe nzima? Basi 450." Tukacheka, ila alikua anamaanisha. Nikalipa 450 kwa M-Pesa pale pale, kwa sababu suala la kuchaji lilibaki pale pale na fimbo bado alikua anaitaka. Najua kuna watakaosema mi mjinga, 100,000 hiyo ni hela ya editingi ya wiki. Sawa. Lakini waendesha kamera tunaobadilishana vifaa hatuzidi watu wangapi, na huyu jamaa tangu siku hiyo ameshanitafutia wanunuzi wa vitu vyangu viwili.

Nilimwachia washa zangu zote, nikamfundisha kuhesabu zile sekunde mbili, nikamwonyesha alama za maka peni. Nilimwambia kila kitu isipokua kimoja, kilinitoka tu kichwani.

Miezi miwili baadae ananipigia yuko Mto wa Mbu, vumbi unalisikia mpaka kwenye simu, kaka hii fimbo yako inakwama ukigeuka. Nikamwambia tulia, usiifungue hovyo, tafuta petroli safi na spiriti, na chochote utakachofanya usipake mafuta.

Akakaa kimya.

"Ya cherehani je?" akauliza.

"Hayo ndo kabisa usiguse."

"Nimepaka jana."