Nani ataongoza idara ya mazingira ya Michigan baada ya Whitmer?

Novemba 2026 Michigan inachagua gavana mpya. Gretchen Whitmer anamaliza mihula yake miwili, na kila ninapopita, kanisani au kwenye duka la Mkongo tunakonunua unga wa muhogo, watu wanajadili nani atakalia kiti chake. Mimi nawaza kiti kingine: cha mkurugenzi wa EGLE, idara ya jimbo inayosimamia mazingira, Maziwa Makuu na nishati. Gavana ndiye anayemteua. Seneti ya jimbo ina siku 60 za vikao kumkataa, ikinyamaza, amepita. Wengi wetu hatujui hata jina lake, ilhali idara yake ndiyo inayotuambia kama maji ya bomba yanafaa kunywewa.

Kazi yangu ni kupima maji katika maabara hapa Lansing. Chupa zikifika natia asidi ya nitriki, naziacha zikae saa 16 au zaidi, ndipo napima, kwa sababu madini ya risasi, ambayo ni sumu, hung'ang'ania kwenye kuta za chupa. Ukiwa na haraka, mashine itakupa namba ndogo kuliko kilichomo. Chupa yenyewe inatakiwa iwe na mdomo mpana, ili mtu afungulie bomba kwa nguvu kama anavyojaza sufuria. Mpe ya mdomo mwembamba, atafungulia taratibu, na chembe za risasi zilizoganda ndani ya bomba zitabaki hukohuko. Mwambie aache maji yamwagike dakika kadhaa usiku kabla ya kuchota, na bomba litakuwa limeshasafishwa kabla ya kipimo.

Watu wa Flint, mji wa hapa Michigan, walipewa chupa za mdomo mwembamba. Waliambiwa pia wamwage maji kwanza.

Mji ule uliacha maji ya Detroit na kuanza kutumia ya Mto Flint tarehe 25 Aprili 2014. Maji ya Detroit yalikuwa yanatiwa fosfeti, ambayo hujenga utando ndani ya mabomba na kuizuia risasi isitoke. Ya mtoni hayakutiwa. Watumishi wa idara, iliyoitwa MDEQ wakati huo, waliona inatosha kwanza kupima kwa vipindi viwili vya miezi sita, ndipo waamue kama yatiwe. Oktoba 2014 kampuni ya magari ya General Motors ilitangaza kwamba inaacha kuyatumia kiwandani kwake Flint kwa kuwa yalikuwa yanakula vipuri vya injini. Watu waliendelea kuyanywa mwaka mzima baada ya hapo.

Mwanzoni mwa 2015 nyumba ya LeeAnne Walters, mama wa watoto wanne, ilionyesha risasi sehemu 104 kwa kila sehemu bilioni za maji, kisha 397. Kiwango cha serikali kuu cha kuchukua hatua ni 15. Katika sampuli 71 za nusu ya kwanza ya mwaka huo, idara ilitaka mbili ziondolewe, ya Walters ikiwemo. Hesabu ya mji ikashuka hadi 11, na kwenye karatasi Flint ikawa salama. Julai, msemaji wa idara akawaambia watu redioni kwamba mwenye wasiwasi kuhusu risasi atulie.

Mkurugenzi alikuwa Dan Wyant, aliyeteuliwa na Gavana Rick Snyder mwaka 2011. Kabla ya hapo aliwahi kuongoza idara ya kilimo ya jimbo. Kwamba hakuwa mtaalamu wa maji si hoja kwangu. Wataalamu walikuwa wamejaa chini yake. Kinachoniumiza ni kile ambacho tume iliyoundwa na Snyder kuchunguza maji ya Flint ilimwandikia gavana huyo Desemba 2015: kwamba ndani ya idara ulijengeka utamaduni wa kuona kutimiza masharti ya kitaalamu kunatosha. Utamaduni wa namna hiyo hauanzii kwa mchota sampuli, unatoka juu. Tarehe 29 Desemba Wyant na msemaji wake wakajiuzulu.

Mwaka 2016 akaja kuiongoza Heidi Grether, aliyewahi kufanya kazi kampuni ya mafuta ya BP, na wanamazingira wakampinga vikali. Lakini ni chini yake, mwaka 2018, Michigan ilipopitisha kanuni kali za risasi kuliko jimbo lolote: kiwango kishuke hadi 12 kuanzia 2025, na kwenye nyumba zenye bomba la risasi ipimwe lita ya kwanza na ya tano pia, maana ya tano ndiyo inayobeba maji yaliyolala kwenye bomba linaloleta maji nyumbani kutoka barabarani. Kwa hiyo mteule mpya akitangazwa sitaishia kuuliza alifanya kazi wapi. Nitauliza akiletewa majibu mawili yanayoharibu hesabu atafanya nini: atayafuta, au atamtuma mtu nyumba hiyo kesho yake asubuhi?

Wagombea nao nina la kuwauliza. Mwaka 2019 Whitmer aliiunda EGLE kwa amri yake, na ndani yake akaweka ofisi ya mtetezi wa maji safi, ambako mwananchi anapeleka malalamiko moja kwa moja. Kilichowekwa kwa amri ya gavana, gavana mwingine anaweza kukiondoa. Ndugu zangu wa Lansing na Grand Rapids, wakija kuomba kura kwenye mikutano yetu, tuwaulize hapohapo kama ofisi hiyo wataiacha, na kama itakuwa na mtu wa kumsikiliza mama anayeeleza shida yake kwa Kiswahili.